Gari Limeharibikia Gereji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fidia ya Haki

Maswali haya ndiyo ninayopigiwa simu kuulizwa, na mara nyingi anayepiga amesimama gereji, boneti iko juu, na fundi anamwambia, "Lilikuja hivyo hivyo." Nimeyajibu kwa kufuata sheria za Kenya. Mifano mingi ni ya hapa Mombasa ninakoishi, lakini mwenye gari Nakuru au Kisumu atayatambua haya bila shida.

Niko gereji sasa hivi na gari limeharibiwa. Nianze wapi?

Usiliwashe. Fundi akikuomba "tuliwashe kidogo tusikie", kataa kwa upole. Injini iliyokosa oili ikizungushwa dakika mbili zaidi, vyuma vinalana, na ushahidi wa aliyekosea unasagika pamoja navyo.

Kisha toa simu. Piga picha ya kilomita kwenye dashibodi, taa zilizowaka, sakafu chini ya gari, na kila kipande kilichofunguliwa. Video moja ndefu isiyokatwa, ukilizunguka gari huku ukitaja tarehe na saa, ina nguvu kuliko picha 20 zilizopigwa ovyo. Ikiwa tatizo ni oili au maji, chukua kidogo kwenye chupa safi, ifunge mbele ya fundi na uandike tarehe juu yake. Spea zilizotolewa ni zako. Ondoka nazo.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nilijifunza kwa gari langu mwenyewe, Nissan yenye giaboksi ya CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia. Nililipeleka kubadilishwa oili ya giaboksi. Jioni nilipofika juu ya Daraja la Nyali likaanza kuvuma kama mbu sikioni: mshale wa mizunguko unapanda, gari haliendi. Nilisogea pembeni, nikachomoa kijiti cha kupimia oili na kukipangusa kwa karatasi nyeupe. Karatasi ikaingia wekundu. Oili niliyoagiza, ya CVT, haikuwa nyekundu. Nyekundu ile ilikuwa ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, na CVT ikiwekewa oili hiyo mkanda wake wa chuma huteleza na kujikwaruza. Karatasi ile niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Bila hiyo, sidhani kama ningelipwa hata shilingi.

Kisheria, gereji inawajibika kwa lipi hasa?

Gari ulilomkabidhi fundi ni amana. Neno hilo kila mtu wa Pwani analijua uzito wake, na sheria nayo inalitazama jambo hilo kwa jicho lilo hilo. Aliyepokea mali ya mtu kwa ajili ya kuifanyia kazi analazimika kuitunza kwa uangalifu wa kutosha, kufanya kazi kwa ustadi wa mtu wa fani hiyo, na kuirudisha.

Juu ya hapo, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro za huduma hizo. Halafu kuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, Na. 46 ya 2012, ambayo ina sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari. Wengi hawajui kwamba sehemu hiyo ipo, mafundi wakiwemo.

Fundi anasema gari lilikuja likiwa na ubovu huo. Nitathibitishaje?

Kwa kawaida anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Katika amana mambo hugeuka kidogo: ukishaonyesha kwamba gari liliingia likiwa zima na likatoka likiwa bovu, mwenye gereji ndiye anayepaswa kueleza kilichotokea na kuonyesha kwamba alikuwa mwangalifu. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuonyesha hali ya gari siku ulipolikabidhi.

Hapo ndipo watu wengi hukwama. Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla hujatoa ufunguo, lizunguke gari na simu: bodi pande zote nne, vioo vya pembeni, tairi ya akiba, jeki, redio, kilomita, kiasi cha mafuta. Mtumie fundi picha hizo kwa WhatsApp papo hapo na umwandikie kazi uliyomwagiza. Dakika tatu tu. Fundi mwaminifu hachukii, maana picha hizo zinamlinda yeye pia dhidi ya mteja atakayekuja kumsingizia mkwaruzo wa mwaka jana.

Kama hukupiga picha, bado kuna njia. Mtafute asesa, yaani mkaguzi wa magari anayetegemewa na kampuni za bima, au upeleke gari likaguliwe na AA Kenya, chama cha wenye magari. Omba ripoti ya maandishi inayojibu swali moja: chanzo cha uharibifu huu ni nini? Valvu zilizopinda kwa sababu mshipi wa taimingi ulifungwa vibaya haziachi alama zile zile na zilizochoka kwa umri. Kompyuta ya gari iliyoungua kwa sababu bodi ilichomelewa bila kutoa waya wa betri, mkaguzi anaweza kuiona njia umeme ulimopita. Muhimu ni ripoti ipatikane kabla gari halijafunguliwa na fundi wa pili. Fundi wa pili akishaligusa, wa kwanza atasema ndiye aliyeharibu.

Hatukuandikiana chochote. Nina haki yoyote?

Unayo. Makubaliano ya mdomo ni mkataba. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha nani alilipwa, lini na kiasi gani, kwa hiyo usiufute. Sauti za WhatsApp pia zihifadhi. Ukipeleka ushahidi wa simu mahakamani, utatakiwa kuuambatisha na cheti kinachoeleza ulivyopatikana na ulivyochapishwa, kwa mujibu wa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Karatasi moja inatosha, na makarani huwaelekeza watu.

Ukutani kuna bango: "Gari linaachwa kwa hatari ya mwenyewe."

Bango halifuti uzembe. Haki zilizo ndani ya Sheria ya Kuwalinda Watumiaji haziondolewi kwa makubaliano, sembuse kwa rangi ya ukutani.

Fidia ya haki ni kiasi gani?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo linalovunja mazungumzo mengi. Mteja mwenye hasira hutaja pesa za gari zima. Fundi aliyebanwa hutaja pesa za oili. Wote wawili wako mbali.

Kipimo ni kimoja: fidia ikurudishe pale ulipokuwa kabla ya kosa, kwa kadiri pesa zinavyoweza. Isikupunguze, isikuongeze. Hebu tuchukue hesabu ya mfano. Gari la teksi limeua injini kwa sababu nati ya sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, haikukazwa na oili ikamwagika yote njiani. Injini iliyotumika ya aina ile ile, Sh120,000. Kuishusha ya zamani na kupandisha hii, Sh25,000. Oili, maji ya rejeta na gasketi, Sh15,000. Gari la kuvuta, Sh6,000. Ripoti ya asesa, Sh8,000. Halafu siku 18 ambazo dereva hakufanya kazi, na yeye hubaki na Sh2,500 kwa siku baada ya kutoa mafuta na makato ya programu ya teksi ya simu: Sh45,000. Jumla Sh219,000.

Angalia hiyo Sh2,500. Ni kile kinachobaki mkononi. Wengi hudai mapato yote ya siku, na hapo ndipo dai linapoanza kunuka chumvi. Isitoshe, hasara ya namna hii lazima itajwe waziwazi katika dai na ithibitishwe kwa karatasi. Dereva asiye na rekodi za programu wala taarifa za M-Pesa atapata shida kubwa, hata kama kila mtu kijiweni anajua kwamba hakufanya kazi siku hizo.

Siku nazo zinahesabiwa kwa haki. Ukiliacha gari limekaa miezi minne huku injini ingeweza kupatikana wiki mbili, hutalipwa miezi minne. Sheria inamtaka aliyeumia apunguze hasara yake pale anapoweza.

Na gari likiwa halitengenezeki, au gharama ya kulitengeneza inazidi thamani yake, hesabu inabadilika: bei ya sokoni ya gari lile siku moja kabla ya kuharibiwa, ukitoa thamani ya mabaki. Gari la Sh650,000 ambalo mabaki yake yanauzika Sh180,000 ni fidia ya Sh470,000, kama mabaki unabaki nayo wewe.

Kwa nini nisidai injini mpya? Kosa si langu.

Kwa sababu yako haikuwa mpya. Magari mengi yetu yanaingia nchini yakiwa yametumika (kanuni yenyewe inaruhusu hadi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza), kwa hiyo injini iliyotumika, nzima, yenye kilomita zinazokaribiana na zako, ndiyo inayokurudisha ulipokuwa. Pale ambapo kipande kilichotumika hakipatikani au si salama, kama breki, unastahili kipya, ingawa mahakama yaweza kukukata kidogo kwa faida uliyoongezewa.

Katika kisa changu, mzee mwenye gereji aliiona karatasi yenye wekundu, akanyamaza, akaagiza kahawa. Tulikubaliana kwamba atalipia giaboksi iliyotumika na kazi ya kuifunga. Oili sahihi ya CVT nililipia mimi, kwa kuwa hiyo ningeilipia hata kama kila kitu kingekwenda sawa. Sikuona kwamba nimeonewa.

Na usumbufu je? Sikulala wiki nzima.

Ninakuelewa, lakini kwa mkataba uliovunjwa mahakama zetu kwa kawaida hazitoi fidia ya jumla kwa usumbufu na uchungu wa moyo. Nguvu zako zitie kwenye gharama zenye risiti. Nauli ulizolipa huku huna gari zinahesabika, mradi umezitunzia rekodi.

Nimrudishie fundi yule yule arekebishe?

Inategemea aina ya kosa. Rangi isiyolingana, mlango unaogonga, skrubu iliyosahaulika: mpe nafasi, ni haki yake na ni nafuu kwa wote. Mwandikie kazi irudiwe bila malipo na iishe lini. Sheria ya 2012 inamhesabu fundi wa gari kuwa ametoa dhamana ya spea mpya au zilizofanyiwa ukarabati alizofunga, pamoja na kazi ya kuzifunga, kwa muda usiopungua siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Dhamana hiyo ipo hata kama hakuitamka.

Lakini kama ameua injini au giaboksi kwa kutojua kazi, usimrudishie. Acha alipe, na kazi ifanywe na mwingine. Na umwambie hivyo waziwazi, asije akasema hukumpa nafasi.

Spea nilinunua mwenyewe. Bado atawajibika?

Kwa kazi yake, ndiyo. Kwa ubovu wa spea, la; hapo una neno na aliyekuuzia. Ila fundi anayeona kwa macho yake kwamba pampu uliyoleta si ya gari lile, akaifunga kimya, naye ana sehemu yake ya lawama. Mtu wa fani hulipwa pia kwa kusema.

Fundi alilipeleka gari kulijaribu akagonga.

Ikiwa alikuwa akilijaribu kwa ajili ya kazi uliyompa, hilo ni tendo la gereji na mwenye gereji anawajibika hata kama aliyeendesha ni kijana wa kufua injini. Ikiwa alilichukua kwenda arusini Kilifi, kosa linazidi kuwa kubwa. Kilomita ulizozipiga picha ndizo zitakazosema.

Ogopa jambo moja. Mtu aliyegongwa anaweza kukushtaki wewe kwa sababu jina lako ndilo lililo kwenye hati ya gari, na sheria huanza kwa kudhani kwamba dereva alitumwa na mwenye gari. Karatasi ya kukabidhi gari gereji ndiyo ngao yako. Ripoti polisi, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na uiarifu kampuni yako ya bima mapema hata kama hutaki kudai chochote.

Bima yangu italipa?

Bima ya lazima, ile ya watu wengine, hailipi gari lako. Ukiwa na bima kubwa, ajali, moto au wizi ndani ya gereji mara nyingi huangukia ndani yake, lakini kazi mbovu ya fundi kwa kawaida haimo. Soma mkataba wako wa bima. Kampuni ikikulipa, itachukua nafasi yako na kuidai gereji, kwa hivyo usitie sahihi karatasi ya "tumemalizana" na fundi kabla ya kuzungumza na kampuni. Na kama gereji ilichaguliwa na kampuni yenyewe baada ya ajali, ilalamikie kampuni kwanza. Isiposikia, nenda Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

Betri yangu mpya imetolewa nikawekewa kuukuu.

Huo ni wizi. Polisi ndipo mahali pake. Polisi si wakusanyaji wa madeni ya kazi mbovu, lakini kwa betri, redio au kisafisha moshi kilichobadilishwa usione haya kwenda.

Analizuia gari mpaka nilipe, na ndiye aliyeliharibu!

Fundi ana haki ya kushikilia gari mpaka alipwe kazi iliyokubaliwa na kufanyika. Hana haki ya kulishikilia ili alipwe kurekebisha kosa lake. Gari likiwa ndilo riziki yako, mara nyingine ni busara kulipa, ukaandika kwenye ujumbe wa M-Pesa na kwa barua, "Nalipa ili nipate gari langu, sikubaliani na deni hili na nitadai," kisha ukadai gari likiwa mkononi. Hilo la kulipa kwa kupinga limewaokoa watu wengi ninaowajua.

Kuhusu bili yenyewe: ukipewa makadirio, fundi haruhusiwi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake, na kazi ambayo hukuidhinisha haina malipo.

Barua ya madai huandikwaje?

Kwa ufupi na bila matusi. Mfano:

"Tarehe 4 Machi nilikukabidhi gari langu kwa kazi ya kubadilisha oili. Tarehe 5 Machi injini ilikwama barabarani kwa kukosa oili, na mkaguzi amebaini kuwa nati ya sampu haikukazwa. Naambatisha ripoti, picha na risiti. Nadai Sh219,000 kwa mchanganuo ulio hapa chini. Naomba jibu ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitafungua dai mahakamani."

Kabla ya kuipeleka, tafuta kwenye eCitizen jina la biashara limesajiliwa kwa nani. Jina lililo kwenye bango mara nyingi si jina la mtu wala kampuni, na dai lililofunguliwa dhidi ya bango halimkamati yeyote.

Asiponijibu?

Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Mombasa ipo pia. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili, na Kiswahili kinakubalika. Nenda na bahasha iliyopangwa: picha za kukabidhi, makadirio, malipo, ripoti ya asesa, barua ya madai, risiti. Dai likizidi milioni moja, linakwenda mahakama ya hakimu. Muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka 6, lakini usingoje hata miezi 6, maana mashahidi huhama na simu hupotea.

Mimi ndiye fundi. Nimeharibu gari la mteja. Nifanyeje?

Mpigie simu kabla hajakuja, umwambie ukweli. Nimewaona wateja wakali wakilainika kwa simu hiyo moja, na nimewaona mafundi wazuri wakifunga gereji kwa sababu walificha. Usilifungue gari zaidi bila yeye. Itisheni mkaguzi mmoja mtakayemkubali nyote. Lipa kinacholingana na kosa, na ukiona anataka kukupora, usikimbie: omba mchanganuo, kipengele kwa kipengele. Na kama una magari matano uani kila usiku, uliza bei ya bima ya dhima ya gereji. Moto mmoja wa waya unaweza kuyachukua yote.

Tumekubaliana, lakini hana pesa za kulipa mara moja.

Kubali awamu, ila ziandikwe: jumla, kila awamu kiasi gani, tarehe gani, na kwamba akikosa mbili mfululizo salio lote linadaiwa papo hapo. Watie sahihi mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Kesi ikiwa tayari iko mahakamani, yapelekeni makubaliano hayo yasajiliwe yawe amri ya mahakama. Akikwama baada ya hapo, hutaanza kesi upya. Utaomba utekelezaji, na mali yake inaweza kukamatwa.